Nimemsomea Mama Mkwe Tamthilia ya Kichwani Mwangu

Mpendwa Shangazi wa safu hii,

Nakuomba msaada wako, na kabla ya msaada nakuomba usiniandikie jina langu, weka tu Mama Pasi, maana wanawake wa pasi tuko wengi na aibu niliyo nayo inanitosha bila ya majirani kuniongezea.

Mimi ni mama wa watoto wawili, kazi yangu ni kufua na kupiga pasi nguo za watu hapa hapa nyumbani, mashati ya watu wa ofisini na sare za wahudumu wa hoteli, na mama mkwe wangu anakaa nasi mwaka wa pili sasa tangu presha ya macho imchukulie jicho moja lote, na la pili limebaki la kuona mwanga na vivuli tu. Mchana mume wangu yuko kazini, yeye ni fundi umeme, watoto wako shule, tunabaki wawili, mimi na pasi yangu, yeye kwenye kiti cha plastiki ananikunjia soksi na taulo kwa kupapasa, na nikwambie ukweli, anakunja vizuri kuliko mimi ninayeona.

Sasa Shangazi, mimi tangu usichana wangu ni mgonjwa wa filamu za Kihindi. Tulikuwa tunakaa sakafuni kwa jirani aliyekuwa na deki ya video, nikirudi nyumbani macho yamevimba mpaka mama yangu anauliza nani kanipiga. Siku hizi ni tamthilia, naziangalia kwenye simu niliyoiegemeza kwenye chupa ya maji ya kunyunyizia nguo. Najua watu wanazicheka na mimi nazicheka, mtu analala na mikufu shingoni na kuamka hajachafuka hata unywele, kofi linapigwa Jumatatu na Jumatano bado wanageuka mmoja mmoja kumwangalia aliyepigwa, na radi zinapiga sebuleni wakati nje jua linawaka, lakini mtu wa kule akilia analia kwa mabega, na mimi nikilia naye huku napiga pasi naona mlima wa nguo unashuka wenyewe.

Mama mkwe akawa anasikia muziki na vilio, akauliza, "Wanasema nini hao?" Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, na yeye Kiingereza hajui hata angekuwa na macho mazima, basi nikawa namsomea kwa Kiswahili. Mwanzoni nilisoma kwa uaminifu, naapa. Lakini maandishi yanakimbia na shati la hariri halimngoji mtu, nikiinua uso nakuta watu wameshaoana, kwa hiyo palipopungua nilijaza mwenyewe, nikatia chumvi kidogo, na yeye akifurahi. Radi ikipiga anauliza, "Kuna nini?" namwambia, "Wanaangaliana tu, mama," tunacheka mpaka tunashika mbavu.

Katika tamthilia hiyo kuna bibi mwenye nyumba, anatembea na funguo kiunoni, kabati zote zake, stoo zote zake, na bi harusi wa mtoto wake akitaka sukari mpaka aombe kwa kupiga magoti. Siku moja nikasoma hivyo hivyo ilivyo na mama mkwe wangu akacheka akasema, "Huyo mama anajua kushika nyumba." Iliniingia, Shangazi, kwa sababu siku hizo na mimi nilikuwa sipumui kwa lawama zake, chai yangu nyepesi, wanangu wana makelele, mkono wangu mzito kwenye chumvi. Kesho yake, kwenye simu yule bibi anamsukuma bi harusi nje ya mlango, mimi nikasoma kwamba bibi anamshika mikono, analia, anasema, "Nimekuonea mwanangu, chukua hizi funguo." Mama mkwe akaacha kukunja, soksi moja mkononi. Asubuhi aliponiita chumbani kwake aliniita mwanangu, na nimeolewa miaka tisa, ilikuwa mara ya kwanza.

Basi nikanogewa. Nikawa kila siku namtungia, bibi akimnunia bi harusi mimi nasoma anamsifia, na nyumbani kwangu mambo yakawa laini kuliko siku zote, chai ikawa tamu ghafla, watoto wakawa wachangamfu. Ningeishia hapo labda ningelala usingizi.

Lakini kuna wifi yangu, dada wa mume wangu, ni karani wa shule, ndiye anayechukua dawa ya matone ya mama yake kila mwezi kwa sababu kliniki iko karibu na kazini kwake, na kila Jumamosi alikuwa anakuja, anamwosha mama nywele, anamtia matone, wanacheka wawili mlango umefungwa. Kosa lake kwangu ni dogo hata naona aibu kuliandika. Aliwahi kusema mbele ya mteja kwamba kaka yake amekonda tangu aoe, na akiingia jikoni huwa anafunua masufuria. Ni hayo tu. Sijui kwa nini Jumamosi zikawa zinanichoma hivyo.

Ikafika sehemu ya tisini. Kumbe yule bi harusi niliyemtetea miezi yote alikuja kulipiza kisasi cha baba yake, ndiye aliyetia sumu kwenye maziwa ya bibi, na binti wa kumzaa yule bibi ndiye aliyekimbia akaipiga ile glasi isimfikie mama yake mdomoni. Glasi ikavunjika, mama mkwe akaruka kwenye kiti, "Kimevunjika nini?" Na mimi, Shangazi, pasi mkononi, sikufikiri hata kidogo, nikasema, "Glasi, mama. Binti yake mwenyewe kamtilia sumu, bi harusi ndiye kamwokoa." Akasikiliza kidogo, akasema, "Mbona huyo binti namsikia analia? Mwenye sumu analia nini?" Nikamwambia, "Analia kwa sababu ameshikwa." Akasema, "Haya. Wewe ndiye unayeona."

Jumamosi iliyofuata wifi alipofungua chupa ya matone mama akageuza uso, akasema iache mezani, mkwe atanitia. Jumamosi ya pili akanusa chupa akasema harufu yake siyo ile, akaenda kwa kupapasa ukuta mpaka kwenye sinki akaimwaga yote, wifi akiwa amesimama pale na taulo begani, akamwambia, "Usije tena mpaka nikuite." Siku nne mama alikaa bila matone mpaka mume wangu alipopata nyingine. Wifi alinishika mkono getini akaniuliza, "Wifi, nimemkosea nini mama? Niambie wewe unayekaa naye." Nikamwambia ni uzee tu. Mume wangu naye aliniuliza, nikasema sijui. Hii ni wiki ya tano, na Jumamosi mama anaoga mapema, anakaa karibu na mlango.

Na sasa televisheni imetangaza kwamba kuanzia mwezi ujao wataionyesha tamthilia hiyo hiyo imetiwa sauti za Kiswahili. Mama alisikia tangazo kabla yangu. Alifurahi kama mtoto, akaniambia, "Sasa utapumzika mwanangu, nimekuchosha na macho yangu, sasa nitasikia mwenyewe tangu mwanzo." Nilikwenda kulia kwenye kamba za nguo.

Shangazi, nimewaza kusema king'amuzi kimeharibika, lakini mume wangu ni fundi umeme. Nimewaza kumwambia ile ya televisheni ni tamthilia nyingine imefanana tu. Je, kuna njia ya kumzuia asisikilize bila kumuumiza? Uso wangu siutazami kwenye kioo. Nisaidie.

Mama Pasi

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Pasi, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza nikicheka kwenye kofi la Jumatatu mpaka Jumatano, maana na mimi ni mgonjwa kama wewe. Mara ya pili sikucheka.

Unaniuliza namna ya kumzuia mama mkwe asisikie. Hilo swali sitakujibu. Umeniandikia mengi kuhusu aibu yako, na siku nne za mama huyo bila dawa umezipa sentensi moja. Presha ya macho haijui kuhusu tamthilia, dada yangu. Jicho lililobaki likizima kwa sababu ameogopa chupa kutoka mkononi mwa mwanawe, hakuna sehemu ya tisini na moja itakayolirudisha. Kwa hiyo leo hii, kabla hujaweka gazeti chini, angalia chupa imebaki na matone ya siku ngapi, na uhakikishe hayakatiki hata siku moja mpaka jambo hili liishe. Na akipelekwa kliniki, mwambie daktari kuhusu zile siku nne, usijitie hamnazo.

Nakuhurumia, usidhani sikuhurumii. Mwanamke aliyekaa miaka tisa akingoja kuitwa mwanangu, akalipata neno hilo kwa uongo mdogo, naelewa alivyoshindwa kuacha. Ungekuja kwangu na ule uongo wa funguo tu ningekucheka, nikakwambia endelea kupiga pasi. Lakini wifi yako alikuuliza getini kwa unyonge wote, akakuita wewe unayekaa na mama, na ukamwangalia machoni ukamsingizia mama yake uzee. Hapo hukuwa umeshika pasi, na maandishi hayakuwa yanakimbia. Ulikuwa na muda wote wa kusema kweli.

Sasa fanya hivi. Anza na wifi. Usimpigie simu, nenda kazini kwake, msubiri atoke, umwambie wewe mwenyewe kwa mdomo wako, bila "unajua na wewe ulivyonisema". Yale masufuria aliyofunua yaache jikoni. Atakutukana. Mwache amalize. Ana haki hata ya kutokukusamehe mwaka huu. Jioni ileile mwambie mume wako, asije akasikia kwa dada yake, maana naye ulimdanganya.

Halafu Jumamosi, wifi aje. Wewe ndiye utakayemfungulia mlango. Mkae watatu, umweleze mama kwa lugha nyepesi kwamba uliyosoma hayakuwemo, kisha weka sehemu ya tisini mbele yao, umsomee tena, neno kwa neno, bi harusi abaki na ubaya wake na binti apewe haki yake. Ukiona aibu kusoma mbele ya wifi, soma hivyo hivyo na aibu. Hutakufa. Na usingoje mwezi ujao. Mama akigundua mwenyewe kupitia televisheni, ataelewa kwamba ulikuwa unasubiri kukamatwa, na hapo sitakuwa na la kukushauri.

Kuna jambo lingine. Mama yule alikuuliza mwenye sumu analia nini. Macho yake yameondoka, masikio yake yapo, na sauti ya yule binti aliisikia vizuri kabisa. Aliiacha akili yake akashika neno lako, kwa sababu alikuamini. Kwa hiyo unapomwomba radhi, usiombe radhi ya tamthilia. Omba radhi ya kumfanya asiamini masikio yake mwenyewe, wakati ndiyo aliyobakiwa nayo.

Atakuuliza kwa nini. Wazee huuliza. Usimwambie ulikuwa unamfurahisha, wala usimwambie wifi alikuudhi, maana umeniandikia mwenyewe kwamba hujui kwa nini Jumamosi zilikuchoma, na mimi nimejua nilipofika kwenye mlango uliofungwa. Mwambie hivi: "Mama, nilitaka ubaki na mtoto mmoja wa kike, na mtoto huyo niwe mimi." Kisha nyamaza, umpishe wifi akae karibu naye, na matone ya siku hiyo ayatie yeye.