Milango ya Kijani cha Msitu

Malindi, Jumapili

Dada yangu Khayecha,

Shikamoo. Usicheke, ndivyo wanavyosalimu huku Pwani, nami nimeshazoea. Goti lako limepoa? Mahindi yalinusurika na ile mvua ya mawe? Mimi mwili ni mzima, ila moyo haujatulia, na kwenye simu nilishindwa kusema.

Mwezi uliopita tulipata kazi ya kupaka rangi nyumba ya wageni ya Bi Zuhura, mama wa hapa mjini. Milango yote aliitaka rangi inayoitwa kijani cha msitu. Nikajigamba kwamba nimezaliwa ukingoni mwa msitu wa Kakamega, kijani hicho siwezi kukikosea.

Nilikuwa nimemaliza milango mitatu alipokuja Kahindi, fundi mwenzangu kutoka kijiji cha Ganda. Akaniuliza kwa upole kwa nini napaka buluu. Nilidhani ananitania. Akaweka makopo mawili juani, akataka nimwonyeshe la kijani. Dada, niliyaona sawa yote mawili, meusimeusi tu.

Nikaenda kukiri kwa Bi Zuhura, nikijua atanifukuza.

"Mlango hupakwa tena, mwanangu," akasema. "Jicho je?"

Hata hivyo nilikawia siku nne kwenda kupimwa, kwa woga. Nilimkumbuka Baba alivyokuwa akipapasa meza kutafuta kikombe, nasi tukisema ni uzee. Kahindi ndiye aliyenipeleka hospitali. Daktari amesema ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, dawa ya matone ya kila siku italinda kilichobaki. Siku hizi nikiamka nafumba jicho moja, kisha la pili, nihakikishe ukuta bado upo. Kazi ninayo: Kahindi anachagua rangi, mimi napaka.

Lililonifanya niandike ni hili. Daktari aliniuliza kama nina ndugu wa damu. Ugonjwa huu hutembea katika ukoo, tena hauumi. Mtu hushtuka akiwa amechelewa. Juzi uliniambia siku hizi jirani ndiye anayekutungia uzi kwenye sindano. Nilicheka. Sasa sicheki. Nenda ukapimwe wiki hii, usingoje mavuno.

Msalimu shemeji, mwambie akusindikize. Shangazi Muhonja naye, kwa kuwa ni dada yake Baba, mwende pamoja hata akikataa. Watoto wako wabusu.

Nijibu kwa barua, kwa mkono wako mwenyewe. Nataka kuona kama mistari yako bado imenyooka.

Mdogo wako,
Shivachi