Ishirini Toa Tano Toa Tatu

Chimwaga, 4 Mei 2024

Dada Raheli,

Shikamoo. Mimi mzima, wasiwasi wangu ni mgongo wa mama. Anaweza kukaa sasa?

Naandika kwenye karatasi kwa sababu nakutumia na kazi yangu. Ile programu imekamilika. Nimeiandika kwa Haskell, lugha ya kompyuta, kwa fanksheni ndogondogo, moja inaita nyingine. Unaipa hesabu kama ilivyoandikwa, inaipasua vipande, inaamua kipi kitangulie, kisha inatoa jibu. Magazijuto yote uliyonifundisha jikoni, kuanzia mabano mpaka kutoa, imo ndani. Mhadhiri wetu, Dk. Nathanaeli, anasema hajaona mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyefika hapa. Ijumaa nitaionyesha mbele ya idara nzima.

Nimechapa hesabu arobaini na majibu iliyoyatoa. Zipitie, tafadhali, kisha unirudishie. Kwenye hesabu simwamini mtu kama ninavyokuamini wewe.

Mdogo wako,
Anyesi

Zuzu, 7 Mei

Mdogo wangu Anyesi,

Marahaba. Mama anakaa, ila kusimama mpaka nimshike. Barua yako nimemsomea mara tatu. Pale pa Dk. Nathanaeli akanirudisha mara ya nne.

Nimezipitia zote arobaini. Ziko sawa. Wewe nenda tu.

Dada yako,
Raheli

Zuzu, 19 Mei

Mdogo wangu Anyesi,

Hujambo? Huandiki, na simu yangu hupokei. Gerson, mwenzako wa darasani, amepita hapa akanisimulia ya Ijumaa ile. Kwamba mtu alisimama akasema ijaribu ishirini toa tano toa tatu, ikaandika kumi na nane, ukumbi ukacheka, nawe ukatoka nje.

Niliiona, Anyesi. Ilikuwa hesabu ya thelathini na moja. Programu yako ilianza na tano toa tatu, ikapata mbili, ikazitoa kwenye ishirini. Niliandika kumi na mbili pembeni kwa penseli, halafu nikaifuta.

Mama alikuwa hapo pembeni anarudia, "Anyesi wangu, Anyesi wangu." Chuo nilipata nafasi mimi kwanza. Niliiacha mwaka ule alioanguka mama, na hakuna aliyewahi kutaka habari zangu zisomwe mara nne. Nilitaka ukosee mara moja tu, watu wakuone. Sasa wamekuona, na mimi chakula hakipiti.

Dada yako,
Raheli

Chimwaga, 2 Juni

Dada,

Shikamoo.

Ile kumi na mbili niliiona siku karatasi iliporudi. Penseli yako huwa inachimba. Nikajiambia dada alikosea, kisha akajirekebisha, maana ameandika ziko sawa. Hata sikuhesabu upya.

Programu nimeirekebisha, sasa inaanzia kushoto. Nimepewa siku nyingine ya kuionyesha. Majibu ya safari hii nimeyahakiki mwenyewe.

Kuhusu nafasi yako ya chuo, sikujua. Nilikuwa darasa la sita, na nyumbani hakuna aliyeniambia. Nimekasirika na hilo pia, ila sijui nimkasirikie nani.

Sijakusamehe, nisikudanganye. Likizo ikianza nakuja kumshika mama mimi, wewe upumzike. Nikifika tutaanza na salamu, mengine tutaona.

Anyesi