Mbegu za Mwisho Juu ya Meko

Jumamosi, Desemba, nyumbani, kijijini Ukata. Jua kali tangu asubuhi, na upande wa ziwa wingu moja ambalo haliji wala haliondoki.

Nimechoka. Si kuchoka kwa jembe, huko nimezoea. Nimechoka kuangalia juu.

Mwaka huu kumbikumbi walitoka mapema. Oktoba ilinyesha siku mbili, wakaruka kila mahali, tukawakaanga, tukala kwa furaha. Kwa Mama, kumbikumbi wakisharuka hakuna cha kungoja. Tukapanda. Mahindi yakachomoza, jua likarudi, yakakauka hata hayajafika kwenye kifundo cha mguu. Novemba ikanyesha tena, tukapanda tena, nayo yakajikunja majani yakafa. Ngoro zetu, yale mashimo tunayochimba mlimani ili yashike maji, zimeshika vumbi.

Hata wadudu wamedanganyika, sembuse sisi!

Kahawa nayo imechanganyikiwa. Ilichanua kwa mvua ile ya uongo, shamba zima likanukia, kisha maua yakaungua na kudondoka kabla ya kushika tunda. Nyuki wa mzinga wa Mama wamehama. Sijui wamekwenda wapi, na kusema kweli ningewafuata.

Kilichobaki ni mahindi ya mbegu aliyoyaning'iniza Mama juu ya meko, yapigwe moshi yasibunguliwe. Ni mbegu aliyoachiwa na mama yake: fupi, ngumu, tamu sana ya kuchoma. Kaka yangu Kastori alipiga simu kutoka Mbamba Bay akasema, "Nunueni za dukani, acheni ubishi." Haya, bwana. Tangu biashara iwe huria mbegu zimejaa madukani kweli, lakini mwenye duka anataka hela mkononi, na kahawa ya kutupatia hela ndiyo hiyo imeungua. Hizi za Mama zikifa, basi.

Leo baada ya uji Mama ameniuliza, "Mwalimu, tupande au tungoje?"

Huwa ananiita mwalimu akitaka kunitania. Leo hakuwa na utani. Mimi ndiye ninayesimama mbele ya darasa la nne nikisema mvua kwetu huanza Novemba, lakini mimi mwenyewe nilifundishwa majira na yeye, shambani, nikiwa mgongoni kwake. Sijawahi kumsikia akimwuliza mtu apande lini.

Nilikasirika, Mungu anisamehe. Nilitaka aniamrishe kama zamani: shika jembe, twende.

"Mama, sijui."

"Basi tuko wawili," akasema, akaanza kuyashusha mahindi. "Twende. Ikinyesha ikakuta mbegu ziko huku kwenye moshi, nitajilaumu mpaka nife."

Tumepanda mpaka mchana. Hakuimba. Kila tukifukia shimo nilijikuta nageukia ziwani, na kila nikigeuka namkuta naye anaangalia hukohuko.

Tuliporudi nikaona hindi moja bado linaning'inia juu ya meko.

"Mama, hili tumelisahau."

"Sijalisahau. Hilo la Neema."

Neema ni binti yangu. Hajatimiza hata miaka miwili.

"Aje alipande akikua?"

"Aje alione," akasema, huku anachambua maharage ya jioni. "Aone mahindi ya kwao yalikuwaje."

Alisema hivyo tu, sauti ileile ya kuulizia chumvi. Mimi nikatoka, nikaenda nyuma ya jiko, nikalia. Sikutaka anione, ingawa nadhani amejua, kwa sababu niliporudi alikuwa amenipakulia chakula kingi kupita kawaida.

Lile wingu bado liko palepale.

Inyeshe tu, jamani. Sitaki mwanangu ayajue mahindi ya bibi yake kwa kuonyeshwa.