Madoa ya Kijivu kwenye Kahawa

Wanja, uliyebeba jina langu,

Hapa Kanja tuko salama. Babu yako amepona kifua, na yule ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Lakini barua yako imenitoa jasho!

Unauliza yale madoa ya kijivu ya magome ya miti yanaota wapi huku kwetu, kwa sababu huko Nairobi unayatafuta huyaoni. Yako kila mahali: kwenye kahawa, kwenye parachichi, kwenye miti ya mikima mpakani mwa shamba, na zaidi kule mtoni kwenye ukungu. Barabarani penye vumbi ni machache. Halafu unaandika, kama jambo dogo tu, kwamba si ugonjwa, kwamba hayali mti, yanakaa tu juu ya gome!

Ngai! Nilipoolewa hapa, nilitaka mama mkwe aone mimi ni mchapakazi. Nikachukua panga nikakwangua mstari mzima wa kahawa yake, mpaka ndani ya gome kukaonekana kijani. Alipofika alishika kichwa. "Mti haujalalamika," akasema, "wewe unalalamika kwa niaba ya nani?"

Mstari wote ulikauka. Miaka yote hii nimeamini nilichelewa kuukwangua.

Miti miwili ya kahawa ambayo mama mkwe alinikataza kuigusa imejaa madoa juu hadi chini, na juzi tuliichuma. Napita hapo kila siku, Wanja, na sikuona.

Nakomea hapa, lazima nikimbie. Mama yako nilimfundisha mwenyewe kukwangua, na yuko kwenye kahawa tangu asubuhi na panga langu.

Cucu, bibi yako