Safari ya Korongoni

Wanangu,

Nimempeleka mama yenu hospitali ya macho. Wali upo kwenye sufuria, maharage yapasheni moto. Kitinda mimba, usimalize maziwa peke yako, nakujua.

Asubuhi nilifungua mapazia, jua likajaa chumbani. Mama yenu akaniuliza, "Mbona leo hufungui mapazia?" Akanyoosha mkono, akalihisi jua vidoleni, akaelewa mwenyewe.

Daktari alituambia macho yake yangeendelea kuona hadi mwisho wa mwaka. Ndiyo maana tulipanga safari ya Jumamosi, alione lile korongo na mto unaopita chini yake angali anaona. Tumechelewa, wanangu.

~~Mpigieni dereva, mwambieni asije Jumamosi.~~

Msimpigie. Nilipokuwa namfunga viatu nilimwambia safari tuiache. Akanijia juu: "Kwani nimekufa? Nitausikia huo mto, na nyinyi mtanisimulia. Ila msinipambie."

Basi tutaenda. Mimi nitamshika mkono tu, maneno yatanishinda. Kusimulia ni kazi yenu.

Akirudi, msilie mbele yake. Nimeshalia mimi, jikoni, kwa niaba yetu sote.

Baba