Lachezar Doychinov, Aliyeaga Miaka Tisa Kabla ya Kuondoka

Alhamisi, tarehe 14 Novemba 2024, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mvua ya baridi ikichanganyika na theluji juu ya mji wa Troyan, ulianguka kwenye ngazi za nyumba ya watu, daftari la mita likiwa kwapani. Mwenye nyumba alidhani umeinama kuangalia bomba. Wiki hii mwaka unatimia, Lachezar, nasi wa nyumbani kwako tunakuandikia haya, kwa kuwa asubuhi ile hakuna aliyewahi kukuambia neno.

Kwa miaka ishirini na sita ulisoma mita za maji za mji huu. Hukupata kutoka katika nyumba ya mtu ukaliacha bomba lake linavuja. Ulitembea na ringi za mpira mfukoni, ukazifunga bila malipo, huku ukikaripia: "Mama, huko ninakokwenda, maji haya uliyoyamwaga leo yangenywewa na watu wanne, kisha yangesafishwa wayanywe tena." Wajane walilipenda karipio lile. Tunajua wawili waliokuwa wakilegeza mabomba yao makusudi ili ukae kidogo.

Jumamosi zako zilikuwa za Chama cha Mirihi. Mlikuwa tisa, ghorofa ya juu ya jumba la kusomea: daktari wa meno, walimu, mwoka mikate, na mwenyekiti wenu, mhandisi Evlogi. Mlipanda saladi katika vumbi la matofali mekundu yaliyosagwa. Mlibishana jioni nzima iwapo inafaa kufuga kuku katika sayari isiyo na hewa ya kuvuta. Mliishi siku kumi na moja ndani ya kontena kwenye machimbo ya mawe, kwa mazoezi. Ukarudi umekonda, ukatuambia kwamba binadamu anaweza kuzoea kila kitu isipokuwa miguu ya daktari wa meno.

Kisha kampuni moja ya ng'ambo ikatangaza kwamba itapeleka watu Mirihi, waende wasirudi. Kati ya maelfu walioomba, jina lako lilibaki miongoni mwa mia moja. Chama chenu kilikuwa na kanuni: anayeteuliwa amalize mambo yake ya duniani mapema na mbele ya mashahidi, ili asisafiri na kitu kinachomvuta nyuma. Wenzako waliichukulia kanuni ile kuwa ni maneno ya mkutanoni. Wewe uliitekeleza.

Ulianza na Ralitsa, mwanao wa pekee, ambaye mama yake alikwisha kufariki. Alikuwa mwanafunzi huko Plovdiv. Ulipomwambia unataka kumwandikia nusu yako ya shamba la plamu, pamoja na nyumba ndogo uliyoishi humo, alikusogezea hati zako mezani.

"Sipokei urithi wa mtu anayekunywa kahawa mbele yangu, baba. Ukitaka kwenda, nenda. Lakini usinitake nisaini uyatima wangu mwenyewe."

Basi ukampa kaka yako, Strahil, mwenye ile nusu nyingine. Mwezi Mei 2015 hati ikasainiwa ofisini kwa mthibitishaji wa nyaraka, na Jumapili iliyofuata ukatuaga sote shambani. Majirani walikula kondoo, wakanywa brandi, wakalia. Strahil, asiyelia, alikushika mkono akasema, "Umeaga vizuri, mdogo wangu. Nenda."

Hukwenda. Baada ya miaka minne kampuni ilifilisika, nawe ukazipata habari gazetini, kama sisi. Ukaendelea kuishi katika chumba cha kupanga juu ya duka la dawa, katikati ya watu uliokwisha kuwaaga. Na mji huu una ulimi.

"Lachezar! Basi la Mirihi limekuacha tena?"

"Mwacheni, huyu si mkazi, yuko safarini."

Hata mwoka mikate, mwanachama mwenzako: "Nirudishie machozi yangu, bwana. Nililia bure, na siku ile nilikuwa nimevaa shati jipya."

Ulicheka nao. Sisi tuliokuja kukutazama chumbani tulikukuta umeketi, jiko halijawashwa, ukitazama mikono yako kama ya mtu mwingine.

Kila Septemba ulipanda shambani pamoja na vibarua kuchuma plamu. Strahil aliwalipa wote kwa siku, nawe ukapanga foleni, ukasaini karatasi ileile, ukahesabu leva zako kama wao. Hukupunguza kasi wala hukuinua macho kuitazama ile nyumba ndogo iliyokuwa yako. Mwaka wa kwanza, baada ya wewe kushuka mjini, mkewe Tsonka alimkabili.

"Mrudishie nusu yake, Strahil."

"Hajaomba."

"Hataomba."

"Basi haitaki."

"Wewe ungeomba?"

Strahil alisimama. Alichukua kofia yake akaenda kukagua mapipa aliyokwisha kuyakagua.

Kaka yako ni mtu wa utaratibu, na hatutamsingizia ubaya. Aliona kwamba kumrudishia mtu zawadi ambayo hajaidai ni kumtangazia mji mzima kwamba alikuwa mpumbavu. Alijiambia kuwa neno moja tu kutoka kwako lingetosha. Hati angeitoa siku hiyohiyo. Akalingoja neno hilo Septemba baada ya Septemba, akikutazama ukibeba makreti, na kila mwaka kungoja kule kulizidi kumwelemea. Kufikia mwaka wa mwisho alikuwa akiamka siku ya kuchuma akiwa amechoka kabla hajavaa viatu.

Mazishini hatukujua la kufanya. Padre alipotuita tukuage, tulitazamana kama wanafunzi waliokwisha kulijibu swali hilo. Nyuma yetu mtu alinong'ona, "Safari hii kweli?" Tsonka akageuka. "Nyamaza, mjinga wewe!" Alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja, naye Evlogi akavua miwani akashindwa kuivaa tena.

Septemba ya mwaka huu Ralitsa alikuja kutoka Plovdiv. Hakueleza sababu. Alichuma siku tatu, akapanga foleni, akasaini, akatia ujira wake mfukoni. Hakugusia shamba. Strahil alibaki ameishika ile karatasi ya malipo, na kwa mara ya kwanza akajiuliza ni nani aliyewafundisha watu hawa kunyamaza namna ile.

Akakumbuka. Ilikuwa majira ya baridi, katika shule ya bweni huko Gabrovo. Yeye ana miaka kumi na saba, wewe kumi na minne. Ulikuwa umempa mvulana mwenye homa mfarishi wako wa kujifunika. Usiku wa tatu meno yakakugongana, ukashuka kitandani kwenda kuuomba. Strahil alisimama mlangoni akakuzuia. "Umeutoa mbele ya bweni zima. Katika nyumba yetu hatuombi tulichokitoa." Ulirudi kulala. Hadi Machi ulijifunika magazeti, wala hukuomba tena kitu kwa mtu yeyote, maisha yako yote. Naye alijivunia kukufundisha.

Alimfuata Ralitsa mpaka kwenye gari.

"Nusu ya baba yako. Nataka kuirudisha."

"Baba mkubwa, sikuja kuomba."

"Najua hukuja kuomba. Na baba yako hakuomba. Nimechoka, mwanangu. Nimechoka kungoja kuombwa na watu wasioomba."

"Na nikikataa?"

"Ulikataa mara moja. Tazama tulipofika."

Ralitsa alicheka kidogo, kisha akageuza uso kuelekea kwenye miti. Alipogeuka alisema tu, "Huyo mthibitishaji anafungua saa ngapi?"

Tumechoka, Lachezar, na hatuna maneno mazuri kama yale ya mwaka 2015. Ijumaa hii tutagawa kanisani ngano ya kuchemsha ya kumbukumbu yako, na wenzako wa Jumamosi wameomba walete saladi yao. Tumewakubalia.

Wanaokukumbuka: binti yako Ralitsa, shemeji yako Tsonka, mhandisi Evlogi na wanachama wote saba waliobaki, na kaka yako Strahil. Siku zote za uhai wetu jina lako litatajwa katika nyumba hii.

Jumatatu, tarehe 10 Novemba 2025, nusu ya shamba la plamu pamoja na nyumba yake ndogo iliandikwa kwa jina la Ralitsa Doychinova. Strahil alitia saini bila ya kuombwa.