Picha ya Mlima Aliyoitaka Baba

Dada Mwikali,

Hujambo? Watoto hawajambo? Mimi ni mzima, kadiri anavyoweza kuwa mzima mtu aliyepashwa habari za msiba wa baba yake na muuza mboga. Ndiyo, Mama Ndinda wa pale chini ya ploti yenu ya kupanga huko Kayole ndiye aliyeniandikia pole kwenye simu. Nikamuuliza, pole ya nini? Kumbe mlikuwa mmeshamzika Baba, wiki nzima imepita.

Nilipokupigia ukaniambia, "Tuliona picha, uko matembezini na wazungu, tukasema tusikuharibie raha." Raha gani, dada? Aki ya Mungu, raha gani?

Mimi ni dereva wa basi. Kila asubuhi napeleka watalii kwenye mbuga za huku Iceland, na mbuga zenyewe hazina hata swara. Ni mawe meusi yaliyotapikwa na volkano, maji yanayochemka ardhini bila jiko, na barafu iliyokalia milima mwaka mzima. Wao wakishuka kuzunguka, mimi nabaki kufagia matope yao na kusafisha matapishi ya waliochafukwa tumbo njiani. Upepo wa huku unang'oa mlango wa gari, kwa hivyo wakipanda nasimama nimeushika mpaka vidole vife ganzi. Hayo ndiyo matembezi yangu.

Sasa hiyo picha. Baba ndiye aliyeitaka. Nilimwambia kuna mlima una moto tumboni na barafu kichwani, akanicheka: "Musyoka, huo ni uongo wa ng'ambo. Simama hapo upigwe picha, nione." Basi nikamwomba mama mmoja mtalii anipige. Nilitabasamu kwa ajili ya Baba, nikaituma kwa simu yako umwonyeshe. Kumbe yuko mochari. Na wewe ukaitazama, ukaona mtu anayekula raha.

Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Sikujua hata baba yangu alihesabiwa humo.

Nisalimie shemeji, na shangazi aliyempikia Baba uji mpaka mwisho. Mwambie yeye sina neno naye. Kaka yetu mkubwa, aliyeongoza mazishi bila kunitafuta, usimsalimie.

Jambo moja unijibu, na tafadhali usinidanganye. Watoto wa marehemu walipoitwa kutupa udongo kaburini, mmoja mmoja, jina langu lilitajwa?

Mdogo wako,
Musyoka